Uliza Fundi: Nataka ukuta wa nje nikiumaliza nisahau

Habari fundi. Nimejenga Kigamboni, kama kilomita moja hivi toka baharini, nyumba ya paa la kuficha, nimehamia 2022. Mpaka sasa nimepaka rangi ya nje mara mbili. Kila masika ikiisha rangi inabanduka sehemu ya chini, kama futi mbili hivi toka kwenye ardhi, na huku juu inashuka michirizi myeusi kama mtu kamwagia chai. Fundi mmoja anasema nivalishe mawe ya urembo nyumba nzima, mwingine anasema nipige rafu, ile lipu ya vipele vipele, mdogo wangu kanitumia picha za nyumba zimevalishwa alukobondi, yale mabamba ya alumini. Mimi nataka kitu nikishafanya nisahau kabisa maana hela yenyewe ni ya kikoba. Nisaidie. — Mama J, Kigamboni

Mama J, shikamoo kama umri unaruhusu, na pole na rangi. Kwanza hiyo hela ya kikoba iache hapo hapo ilipo, usinunue hata jiwe moja kwa sasa. Kwa ulivyoeleza nyumba yako ina magonjwa mawili tofauti, chini kuna lake na juu kuna lake, na hao mafundi wote wawili wanataka kukuuzia shuka la kumfunika mgonjwa.

Tuanze na chini. Kwangua kidogo pale palipobanduka, ukiona unga mweupe kama chumvi basi ni chumvi kweli. Maji yanapanda toka ardhini kupitia msingi, yanafika kwenye lipu, yanakauka, chumvi inabaki nyuma ya rangi na kuisukuma nje. Hapo hata upake rangi ya bei gani utaipaka tena tu. Muulize aliyekujengea kama aliweka ile nailoni nzito ya kuzuia unyevu juu ya msingi kabla hajapanga kozi za ukuta. Atakwambia aliweka, wote huwa wanasema hivyo, na mara nyingi kiukweli ameweka, ila akaja fundi lipu akashusha lipu mpaka kwenye udongo, halafu na wewe ukaja kumwaga kifusi na kupanga pevingi hadi juu ya ile nailoni, kwa hiyo maji yameshapata daraja, yanaipita nailoni kwa nje yanaendelea na safari. Hili nimeliona sana kwenye nyumba ambazo mwenye nyumba anaapa msingi wake ni wa uhakika.

Kwa hiyo chimba pembeni mwa nyumba mpaka ardhi au pevingi ishuke angalau sentimita 15 chini ya usawa wa nailoni. Kwangua lipu yote iliyoharibika, panda nusu mita juu ya pale alama ya unyevu inapoishia, usiishie palepale kwenye alama. Halafu acha. Ndiyo, ukuta ukae uchi kiangazi kizima, majirani waseme wanavyosema, upepo na jua vifanye kazi. Ukija kupiga lipu upya tumia saruji moja, chokaa moja, mchanga sita, hiyo chokaa inafanya lipu iwe laini na isipasuke hovyo, na umwagilie maji wiki nzima. Mchanga uwe wa mtoni uliooshwa. Wazee wa kazi huwa wanachukua punje wanaweka ulimini, ukiwa na chumvi lori linarudi lilikotoka. Watu wanacheka lakini ndo maabara ya bei rahisi kuliko zote.

Na swali moja la pembeni: ulipiga skimu kwa nje, lile tabaka laini la kusawazisha lipu kabla ya rangi? Kwa unga gani? Kama ni ule ule wa jipsamu uliopigwa ndani basi jibu lingine hilo hapo, jipsamu na mvua haviishi nyumba moja. Nje ni puti ya saruji nyeupe iliyoandikwa ni ya nje, au lipu yenyewe isuguliwe vizuri na ibaki hivyo.

Sasa juu. Paa la kuficha linapendeza, sikatai, ila lile paa la zamani lililotokeza nje kama kofia lilikuwa linafanya kazi kubwa ambayo hakuna aliyekuwa analilipa. Ukuta wako saivi hauna kofia, mvua inaupiga moja kwa moja, na kile kiukuta kinachoficha bati nadhani kwa juu ni bapa tu kimepigwa lipu, vumbi linakaa pale, mvua ikija linateremka na fangasi juu yake, ndo hiyo chai yako. Weka kofia ya zege juu ya kiukuta chote, iinamie upande wa ndani kwenye bati, na kwa nje itokeze kama sentimita 5, chini ya ule mtokezo fundi achore kamfereji kadogo ili tone likifika pale lianguke chini badala ya kurudi ukutani. Fundi akikuuliza kamfereji ka nini, tafuta fundi mwingine. Pia panda ukaangalie gata la ndani kama halijajaa majani, na liwe na tundu la dharura la kutolea maji nje, maana likiziba maji yote yanaingia kwenye ukuta na dari yako.

Hapo ndo tunakuja kwenye swali lako la kuvalisha. Rafu inaficha nyufa na lipu mbaya, ndo maana mafundi wanaipenda, lakini pwani vile vichuguu vyake vinashika vumbi na ukijani, kuosha ni shughuli, na siku ya kurudia rangi inakunywa ndoo kama haina akili. Mawe ya urembo nayaheshimu, ila yaishie chini, kama mita moja hivi, pale matone ya mvua yanaporusha matope, na yawekwe baada ya ukuta kukauka kabisa. Ukiyabandika juu ya ukuta wenye unyevu maji hayakati tamaa, yanakosa pa kutokea chini basi yanapanda mpaka juu ya mawe na rangi inaanza kubanduka kule. Nayajua haya kwa sababu kwangu mwenyewe niliweka mawe mbele nzima ili nyumba ionekane, nikaja kuyang'oa. Na kama ukuta una rangi au skimu laini, igongwe kwa tindo kwanza, la sivyo jiwe linashikilia rangi, na rangi haishikilii kitu.

Alukobondi achana nayo. Ni kitu cha maofisi na sheli za mafuta, inataka fremu, bei imesimama, na zile zenye plastiki katikati zinawaka: jengo la Grenfell kule London mwaka 2017 watu 72 walikufa, na moto ulipanda kwa nje kupitia mabamba ya aina hiyo.

Kwa hiyo mimi ningekushauri lipu laini nzuri, isubiri siku 28, praima (rangi ya kutangulia) inayohimili saruji mbichi, halafu rangi ya maji ya nje mikono miwili, rangi nyepesi nyepesi maana za kukolea jua linazila haraka. Ya maji, sio ya mafuta. Ya mafuta inaziba ukuta kama nailoni, unyevu ukitaka kutoka unatoka nayo. Lita moja kwenye lipu laini inafika kama mita za mraba 10 kwa mkono mmoja, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe kabla fundi hajakupigia.

Kuhusu kusahau kabisa, Mama J, sitakudanganya, kilomita moja toka baharini hakuna ukuta wa kusahau. Upande unaopigwa na kusi utachoka kabla ya mwingine, kawaida. Mara moja kwa mwaka osha na maji ya kawaida yasiyo na chumvi na brashi laini, chumvi itoke. Nusu siku na vijana wawili.

Fundi, nyumba ya familia ipo Mji Mkongwe, Zanzibar, kuta nene za mawe na chokaa. Lipu inadondoka. Kijana wetu anasema tupige saruji ya nguvu mara moja tumalize. Ni sawa? — Bi. S, Unguja

Bi. S, hapana, mshike mkono huyo kijana. Kuta hizo ni mawe ya matumbawe na chokaa, zinavuta unyevu na kuutoa, zimeishi hivyo miaka na miaka. Ukizivisha saruji ngumu maji yanafungiwa ndani, chokaa ya katikati inalegea kuwa mchanga, na siku saruji inadondoka inaondoka na mawe. Lipu iwe ya chokaa iliyolowekwa vizuri, ipigwe tabaka jembamba jembamba, na juu ipakwe chokaa nyeupe sio rangi ya dukani. Itataka kupakwa tena kila baada ya miaka michache, ni kweli, lakini ni ndoo na brashi tu. Na kabla ya kugusa chochote pitia Mamlaka ya Mji Mkongwe upate kibali, mji ule upo kwenye orodha ya urithi ya UNESCO toka mwaka 2000 na hawapendi mtu aamke na saruji yake.

Niko Iringa, nimejengea tofali za kuchoma, je nikiacha bila lipu itaharibika? — Mkulima

Haiharibiki kama tofali zimeiva. Gonganisha mbili, zikilia kama chuma zimeiva, zikitoa sauti ya boga hizo zitalika na mvua, zipige lipu. Zilizoiva jaza viungo vizuri kwa saruji, paa litokeze la kutosha, basi, umeokoa hela ya rangi maisha yako yote. Wewe ndo umeshinda kwenye safu ya leo.

Kaka fundi, sisi tuko Columbus, Ohio, tumenunua nyumba ya mwaka 1956, nje ni mbao na rangi inabanduka kama magamba. Kontrakta mmoja anataka kuweka saidingi (mabamba ya kufunika ukuta wa nje) ya vinaili, mwingine ya saruji yenye nyuzi, bei ya pili iko juu sana. Hatutaki kupaka rangi kila mwaka. — Baba Z

Baba Z, kabla ya bei, watoto wapo? Nyumba ya kabla ya 1978 kwa huko Marekani rangi yake inaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, kwa hiyo msikwangue wala kupiga msasa kienyeji, pimeni kwanza, na yale magamba yanayoanguka chini watoto wasiyachezee.

Vinaili ni plastiki, haipakwi rangi, unaiosha na mpira wa maji na sabuni, kwa hiyo kwa uvivu peke yake hiyo ndo inashinda. Ila baridi kali inaifanya iwe na roho nyepesi, mtoto akiipiga mpira inapasuka, na inatanuka na kusinyaa sana, bamba la futi 12 linaweza kucheza mpaka nusu inchi. Ndo maana msumari wake haukazwi, unapigwa katikati ya tundu na unaachiwa upumue, kontrakta akikaza kila kitu ikifika Julai nyumba inajikunja kama chapati. Simameni mumwangalie. Ya saruji yenye nyuzi ni ngumu, haiwaki, wadudu hawaili, ila rangi inataka kurudiwa kila miaka 10 hadi 15, na wakati wa kuikata vumbi lake ni baya kwa mapafu, wakatie nje mbali na madirisha. Mimi ningekuwa na hela ningeweka ya saruji, kwa bajeti ya kawaida vinaili nene iliyopigwa na mtu anayejua inatosha kabisa.

Yoyote mtakayochagua, swali la kumuuliza kontrakta ni nini kinakaa nyuma yake: ile karatasi ya kuzungushia nyumba, na bati la kukinga maji juu ya kila dirisha na mlango. Maji yatapita saidingi siku moja, ni lazima, ishu ni yakute nini. Mbao zilizooza zing'olewe kwanza zisifunikwe.

Halafu lile jiko la nyama choma lililosogezwa ukutani ili upepo usilipige, maana nawajua wabongo, kwa vinaili lisogezeni mbali kabisa. Joto lake linaiyeyusha, na bamba lililoyeyuka halinyooshwi, linabadilishwa, na bamba jipya halifanani rangi na yale yaliyokaa juani miaka mitano.