Kabla Hujanunua Gabi, Shuka Nene la Pamba la Ethiopia, Uliza Nani Kaifuma

Juzi dada mmoja wa Nakuru kaniandikia: "Nimeona picha za bibi harusi uliyemvalisha nguo za Ethiopia. Nami nataka kuanza biashara hiyo. Nianze na shilingi ngapi?" Tangu harusi ile naulizwa hivyo kila wiki, na sifichi, imenipa heshima. Bibi harusi alivaa kemis, yaani gauni refu, nyeupe yenye pindo la kijani na dhahabu, mamake na shangazi zake wakajitanda netela, ile shali nyepesi ya pamba, na hapakuwa na hata kipande kimoja kilichotoka kiwandani. Wageni walinifuata mpaka kwenye gari kuuliza bei.

Lakini mdogo wangu, pesa si swali la kwanza. Swali la kwanza ni nani kaifuma.

Wengi wetu tunanunua Shiro Meda, lile soko la nguo za asili chini ya mlima Entoto, Addis Ababa. Nami nilinunua pale kwa muda mrefu. Biashara hii niliielewa nilipopitia Moyale, nikaenda Yabelo, Konso hadi Arba Minch, nikapanda milima ya Gamo kuelekea Chencha, kwa Wadorze, watu wa milima hiyo wanaosifika kwa kufuma. Kule ni zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, ukungu unaingia mpaka mlangoni, na nyumba zimesukwa kwa mianzi, ndefu kwenda juu. Wanawake ndio wanaosokota pamba, wanaume ndio wanaofuma. Wafumaji wengi wa Addis Ababa asili yao ni milima hiyo hiyo.

Nilikaa karibu na mzee mmoja nikamtazama akifanya kazi. Kitanda cha mfumi kimewekwa juu ya shimo. Yeye kaketi ukingoni, miguu iko shimoni ikikanyaga huku na huku, mikono inarusha mshindio, uzi wa kukingama, katikati ya mtande, zile nyuzi zilizotandwa kwa urefu, na kuugonga ukae. Nguo nyeupe inakwenda haraka. Akifika kwenye pindo, yaani tibeb, mwendo unabadilika kabisa. Vidole vinachagua nyuzi za mtande moja moja, vinapenyeza uzi wa rangi, vinahesabu, vinapenyeza tena. Hakuna mchoro mbele yake. Ule urembo wote uko kichwani. Tangu siku ile simwombi mfumaji anipunguzie bei, na nawe usimwombe.

Sasa, utaijuaje nguo ya mkono? Igeuze. Tibeb ya kufumwa imo ndani ya nguo, utaiona upande wa nyuma pia. Ya kuchapwa nyuma imepauka. Papasa uzi: ule uliosokotwa kwa mkono haulingani, hapa mnene, pale mwembamba. Chomoa uzi mmoja uuchome. Pamba inanuka kama karatasi inayoungua na kuacha jivu laini. Uzi wa plastiki unayeyuka na kuganda kuwa kidonge kigumu. Gabi ihesabu tabaka, ziwe nne. Muuzaji akikukataza kugeuza nguo yake, ondoka.

Nasema haya kwa uchungu. Kuna duka moja hapa mjini lilinichukulia sampuli, likaniambia litaagiza, likanyamaza. Baadaye nikakuta pindo langu lile lile, kona kwa kona, limechapwa kwenye kitambaa cha mashine na kuandikwa "asili ya Ethiopia". Niliwaza yule mzee na vidole vyake. Bado linaniuma, na sitajifanya limepita. Ndiyo maana siku hizi sampuli haitoki mkononi mwangu bila malipo ya awali. Nawe shika hilo.

Na bei ikiwa chini mno, jiulize nani kailipia. Watoto wa milima ya Gamo wamekuwa wakipelekwa Addis Ababa kwa ahadi ya shule, kisha wakakalishwa kwenye vitanda vya kufumia tangu asubuhi hadi usiku. Hili linajulikana na limeandikwa sana. Mfanyabiashara anayesema "mimi sijui, nimenunua tu sokoni" ajue kwamba pesa yake ndiyo inayomkalisha yule mtoto pale. Tuache kupenda faida kuliko watu! Omba kuonyeshwa mahali nguo inapofumwa. Mwenye karakana safi atakupeleka na kahawa utanyweshwa.

Ukishampata mfumaji wako, mlipe sehemu mapema anunue uzi, na kaa naye. Kupatana saa hakutakusumbua, kwa sababu saa tatu yao ya asubuhi ni saa tatu yetu, nao wanahesabu tangu jua linapochomoza kama sisi. Kalenda ndiyo ya kuangalia. Mwaka mpya wao ni Septemba 11, kisha Meskel, sikukuu ya Msalaba, Septemba 27, na kwa watu wa Gamo hiyo ndiyo sikukuu ya kurudi nyumbani. Kabla yake kila mtu anataka nguo mpya, bei inapanda. Ikifika, wafumaji wanafunga kazi na kupanda milimani kwao. Mimi oda za harusi za Oktoba nazifunga Julai. Mteja anayekuja Agosti namwambia asubiri hadi Desemba.