Mgeni Mwanza: uliza kipimo kabla ya kuuliza bei

Anayekuja Mwanza kuanza biashara, au aliyetumwa na bosi wake kufuata mzigo, pesa humpotea hasa pale anapouliza bei kabla ya kujua anauziwa kipimo gani. Dagaa wanauzwa kwa sado (ndoo ndogo), kwa debe, kwa gunia na kwa kilo ndani ya soko hilohilo. Ukisikia bei nne usidhani umezungukwa na matapeli. Hukusema unataka bei ya nini.

Lakini kwanza ujue pa kwenda. Mjini kati kumebanwa na ziwa na vilima vya mawe, na barabara kubwa zinazokutoa ni tatu. Makongoro inakwenda Kirumba na uwanja wa ndege. Nyerere inapita Mabatini, Nyakato, Buzuruga na Igoma, njia ya Musoma. Kenyatta inashuka Mkuyuni, Nyegezi na Buhongwa, njia ya Shinyanga. Biashara nazo zimekaa kwa kufuata mzigo unakoingilia: cha majini utakipata Kirumba, vyuma na mashine upande wa Nyakato kwenye viwanda na nafasi ya malori, nguo na vitu vidogo vidogo mjini, Makoroboi na Mlango Mmoja. Ukipotea usiulize duka. Uliza, "Wanaouza kitu fulani wamekaa wapi?" Wauzaji wa kitu kimoja hukaa pamoja, na ukifika kwa mmoja umefika kwa wote.

Kwa anayetaka kufungua meza au duka lake: Kirumba na Nyakato ziko Manispaa ya Ilemela, mjini kati ni Halmashauri ya Jiji, wilaya ya Nyamagana. Leseni ya biashara hutolewa na halmashauri ya mahali biashara ilipo, kwa hiyo jua uko upande gani kabla hujalipia chumba.

Sasa Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, maana huko ndiko wageni wengi wanakolizwa. Mzigo unashuka kwa mitumbwi na maboti kutoka Ukerewe na visiwa vingine, na wanunuzi wanatoka mpaka Kongo kufuata dagaa na kayabo, yaani sangara wa chumvi aliyekaushwa. Nenda asubuhi, na kabla ya kwenda tazama mwezi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Mbalamwezi ikikolea, mwanga wa taa haufui dafu, dagaa hawakusanyiki, na wavuvi wengi hukaa nchi kavu. Mzigo unapungua, bei inapanda. Giza likirudi, hesabu na siku za kuanika na kusafirisha, ndipo soko linajaa. Mwenye duka anayenunua kila mwezi apange safari zake kwa kalenda hiyo.

Mvua nayo ni kesi nyingine. Dagaa aliyenyeshewa akiwa nusu mkavu hugeuka kahawia, hupasuka tumbo na kutoa harufu kali ya mafuta yaliyochacha. Siku hizo utauziwa kwa bei ya kutupa, na ukifika nyumbani utatupa kweli.

Kukagua gunia kunafanyika hivi. Waache dagaa wa juu, hao wamewekwa waonekane. Omba ruhusa, zamisha mkono mpaka kiwiko, utoe wa katikati. Mkavu sawasawa ukimkunja anakatika, anayepinda ana maji. Hayo maji utayalipia kwa kilo leo, baada ya siku chache uzito umeshuka na ukungu umeanza. Tazama rangi: mzuri anang'aa kama fedha na kichwa kipo. Kisha chukua kiganja kimoja, tia kwenye bakuli la maji, koroga, subiri kidogo. Mchanga unazama chini. Wanaoanikwa juu ya chanja au nyavu hawaachi kitu, wa kuanikwa chini mchangani wataacha tope, na mteja wako atalisikia kwenye meno kabla hajakurudia. Chota na chini kabisa mwa gunia, kwani vumbi na vipande hujikusanya huko. Tamka pia wazi: wa kula au wa mifugo? Wote wapo, wa chakula cha kuku ni rahisi, na ukinyamaza si kazi ya muuzaji kukubagulia.

Kipimo chenyewe: gunia si uzito, gunia ni mfuko tu. Mawili yaliyosimama pamoja yanaweza kupishana kilo kadhaa. Kwa mzigo mkubwa dai mizani, na mkubaliane mapema kama uzito wa gunia tupu unatolewa. Ukinunua kwa debe, angalia linavyojazwa. Dagaa ni wepesi, wakimwagwa taratibu hujaza debe kwa hewa. Debe la kukuuzia halitikiswi, ila siku ukiwauzia wao utaona linavyogongwa. Omba litikiswe mara mbili ndipo lijazwe. Ukiomba kwa ucheshi, "Mama, nitikisie kidogo na mimi nikauze," hakuna anayekasirika.

Dalali atakufuata. Si adui, wengine wanajua nani ameshusha mzigo mzuri alfajiri hiyo, lakini mkubaliane malipo yake na nani anamlipa kabla hajakupeleka popote. Mbebaji vilevile: bei kwa gunia, kabla halijanyanyuka. Baada ya hapo gunia likiwa begani mwake, bei anaipanga yeye. Ukilipa ushuru chukua stakabadhi uiweke mfuko wa shati, itaulizwa. Kwa mzigo wa biashara muone afisa uvuvi kuhusu kibali cha kusafirisha kabla ya kupakia. Na usishawishike na sangara chini ya sentimita 50 wala sato chini ya 25, hata wawe rahisi vipi. Ukikamatwa nao njiani mzigo umekwenda.

Nyakato unahitaji futi na mizani kuliko maneno. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 huwa na kilo 10 na nusu na ushei, ya milimita 10 ni kama kilo 7.4. Ukiwekewa inayoitwa 12 ikasoma kilo 9, umepewa nyembamba, na nguzo ya nyumba yako haitajua kwamba ulipata punguzo. Kwenye mabati namba ya geji inadanganya wageni: 32 ni jembamba kuliko 28. Kwa mashine za kusaga, kukoboa au kukamua mafuta, ulizia SIDO, shirika la serikali la viwanda vidogo, na mafundi wa jirani, ila jua kwanza umeme wako. Mota ya fezi tatu haiwaki kwenye nyumba yenye fezi moja. Idai iwashwe mbele yako na isage kitu, maana kuzunguka bila mzigo hata mbovu inazunguka.

Mlango Mmoja ni mitumba. Kama ndiyo unaanza, nunua za kuchagua moja moja mpaka macho yazoee, ndipo ufikirie belo, yaani furushi zima lililofungwa. Belo ni bahati nasibu yenye kanuni: tazama mikanda kama ni ya kiwandani au limefungwa upya, na uulize gredi pamoja na kilo.

Makoroboi tembea na pesa ya siku hiyo tu, simu mfuko wa mbele, uzunguke mara moja bila kununua.

Mzigo wa kusafiri uandike jina na namba ya simu pande mbili za gunia kwa kalamu isiyofutika. Njia ya Shinyanga unapakia Nyegezi, njia ya Musoma Nyamhongolo. Dagaa wasifungwe kwenye nailoni, hutoa jasho. Na mwambie kondakta wasiwekwe karibu na sabuni wala dumu la mafuta.