Amotisa za nyuma kwa watu wawili juu ya mawe ya Goma: pima kwanza, ununue baadaye

Ndugu yetu wa Ndosho, mjini Goma, ameuliza kuhusu pikipiki yake, Boxer ya cc 150. Akiwa peke yake inakwenda vizuri, lakini kila anapompakia mke wake pamoja na mfuko wa bidhaa kuelekea Minova, sehemu ya nyuma inagonga mwisho kwenye mashimo, na usukani unakuwa mwepesi kiasi cha kumtia wasiwasi. Fundi mmoja amemshauri anunue amotisa (vile vizuia mtikisiko vyenye springi) ndefu zaidi. Mwingine amependekeza vipande vya mpira wa tairi vibanwe katikati ya mizunguko ya springi. Anataka kujua amsikilize nani. Kwa maoni yangu asimsikilize yeyote kati yao kabla hajashika futi ya kupimia, kwa sababu vipimo vichache vinavyochukuliwa uani, bila gharama yoyote, vitamwonyesha kama pikipiki yake inahitaji kurekebishwa tu au inahitaji springi nyingine.

Kwanza tuelewe uzito unakwenda wapi. Dereva ameketi karibu katikati ya pikipiki, kwa hiyo uzito wake unagawanyika baina ya magurudumu mawili. Abiria ameketi karibu juu kabisa ya ekseli ya nyuma, na kwa sababu hiyo karibu kilo zake zote zinabebwa na gurudumu la nyuma peke yake. Mfuko uliofungwa kwenye kerea (kibebeo cha mizigo), nyuma ya ekseli, ni mbaya zaidi, kwani unalilemea gurudumu la nyuma na papo hapo unalipunguzia uzito lile la mbele. Nyuma ikishuka na mbele ikiinuka, fomu za mbele (ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele) zinalala zaidi, usukani unachelewa kuitikia, na kwenye kona pikipiki inapanua njia yake hata kama dereva hakutaka. Wepesi wa usukani anaoulalamikia ndugu yetu hautokani na usukani wenyewe. Chanzo chake kiko nyuma, na nyuma ikirudishwa mahali pake tatizo hilo hupungua sana, mara nyingine huisha kabisa.

Jambo la pili ni ile bangili yenye ngazi inayoishikilia springi kwenye mwisho wake mmoja katika amotisa, ambayo kwa pikipiki nyingi za aina hii ina ngazi tano na huzungushwa kwa spana ya ndoano. Watu wengi mjini huamini kwamba ukiipandisha unaifanya springi iwe ngumu. Sivyo. Springi ni ile ile, na kila kilo unayoongeza itaiminya kwa kiasi kile kile kama kawaida. Kinachobadilika ni mahali inapoanzia: imeminywa kidogo kabla ya kubeba kitu, hivyo pikipiki inakaa juu zaidi ikiwa na mzigo, na gurudumu linapata nafasi kubwa zaidi ya kupanda kabla ya kugonga mwisho. Tofauti hii ni muhimu, kwa kuwa ndiyo inayoeleza kwa nini bangili inaweza kukusaidia hadi kiwango fulani na baada ya hapo isikusaidie tena.

Upimaji unahitaji watu watatu: dereva, abiria na msomaji wa futi. Simamisha pikipiki kwenye stendi ya kati ili gurudumu la nyuma lining'inie bila kugusa ardhi. Weka alama ya chaki kwenye sehemu ngumu ya nyuma iliyo wima juu ya ekseli, kisha pima kutoka katikati ya ekseli hadi alama hiyo. Hicho ndicho kipimo cha mwanzo. Sasa teremsha pikipiki, ishike ikiwa imesimama wima juu ya magurudumu yake, upime tena. Baadaye pima dereva akiwa ameketi peke yake, na mwisho pima watu wote wawili wakiwa juu, wamevaa kama wanavyovaa safarini, pamoja na mfuko wao. Kila kipimo ukitoe kutoka kile cha mwanzo, nawe utapata mshuko, yaani umbali ambao nyuma imeshuka kwa uzito huo.

Hapa kuna hila moja ambayo mafundi wengi hawaijali. Mpira wa kuzuia mafuta ndani ya amotisa, pamoja na bushi za mkono wa gurudumu (chuma kinacholishika gurudumu la nyuma na kupanda na kushuka nalo), hushikilia kidogo, na kwa hiyo ukipima mara moja tu unaweza kukosea kwa milimita kadhaa. Inua nyuma kwa mkono, iachie ishuke taratibu, upime; kisha ikandamize, iachie ipande taratibu, upime tena. Ukweli uko katikati ya namba hizo mbili. Zikitofautiana sana, bushi zimechoka au hazina grisi, nazo zishughulikiwe kabla ya kuendelea.

Nitatoa namba za pikipiki yangu, ambayo ni ya aina ile ile na gurudumu lake la nyuma lina nafasi ya milimita 110 hivi ya kupanda na kushuka. Bangili ikiwa ngazi ya 2, kipimo cha mwanzo kilikuwa milimita 500. Pikipiki tupu ilisoma 488, mimi peke yangu 472, mimi na mke wangu na mfuko wa kilo kama 10 tukasoma 438. Mshuko wa pikipiki tupu ni milimita 12, wangu peke yangu ni 28, na wa watu wawili ni 62. Kanuni inayotumika na mafundi wa amotisa ni kwamba pikipiki ikiwa na mzigo wake wa kawaida itumie kama theluthi moja ya nafasi yake, na theluthi mbili zibaki kwa ajili ya mashimo. Kwangu theluthi hiyo ni kama milimita 37. Nikiwa peke yangu nilikuwa ndani ya kiwango; tukiwa wawili tulikuwa tumemaliza zaidi ya nusu ya nafasi yote kabla hata ya kuwasha injini. Ndiyo maana kila shimo lilitugonga.

Kila ngazi moja ya bangili kwenye pikipiki yangu inainua nyuma kwa kama milimita 5 kwenye gurudumu. Kutoka ngazi ya 2 hadi ya 5 nilipata milimita 15, na mshuko wa watu wawili ukawa 47. Hapo ndipo kipimo cha pikipiki tupu kinapokuwa na faida yake, kwa sababu kwenye ngazi ya 5 mshuko wa pikipiki tupu ulikuwa sifuri: nyuma ilikuwa imenyooka hadi mwisho wake wa juu, bila hata milimita moja ya kushuka. Ukiona hali hiyo, kwamba pikipiki tupu haishuki kabisa na bado watu wawili wanaishusha kupita kiwango, basi springi ni laini kwa mzigo huo na bangili imekwisha kutoa kila ilichonacho. Kinyume chake, ukifika ngazi ya 4 na watu wawili wameingia kwenye theluthi moja huku pikipiki tupu bado inashuka milimita chache, usinunue chochote. Ndugu yetu akiwa na mke mwepesi kuliko wangu (sisemi zaidi) huenda akaishia hapo.

Kuhusu vipande vya mpira kati ya mizunguko ya springi, ninakataa moja kwa moja. Ni kweli kwamba nyuma inakuwa ngumu, lakini inakuwa ngumu kwa sababu mizunguko iliyobanwa haifanyi kazi tena, hivyo ile michache iliyobaki inabeba mzigo wote, inakutana kabla ya amotisa kumaliza mwendo wake, na mshtuko unapita moja kwa moja hadi kwenye chasisi na kwenye mgongo wa abiria. Tena mpira huo huanguka upande mmoja kabla ya mwingine, ukabaki na pikipiki yenye springi mbili zisizolingana. Amotisa ndefu zaidi nazo hazijibu swali lililoulizwa. Zinainua pikipiki yote nyuma, na ukiwa peke yako fomu za mbele zinasimama mno na usukani unakuwa wa haraka kupita kiasi. Stendi ya kati haishiki vizuri, na kwenye stendi ya pembeni pikipiki inalala zaidi. Kama vipimo vimeonyesha kwamba springi ni laini, tafuta amotisa zenye urefu ule ule, kutoka tundu la juu hadi tundu la chini, lakini zenye springi ya waya mnene zaidi, na ununue mbili kwa pamoja. Kubadilisha moja na kuacha ya zamani upande wa pili ni kuulazimisha mkono wa gurudumu ujipinde.

Springi inabeba, mafuta yaliyo ndani ya amotisa ndiyo yanayotuliza. Ukipandisha bangili, nguvu ya springi ya kurudi juu inaongezeka, lakini mafuta hayajaongezewa uwezo wowote, na kwenye amotisa za pikipiki zetu hakuna parafujo ya kuyarekebisha. Kwa hiyo baada ya kupandisha bangili, kandamiza kiti kwa nguvu na ukiachie: nyuma inapaswa kupanda mara moja tu na kutulia. Ikipanda, ikashuka, ikapanda tena, mafuta yamechoka au yamevuja, na safarini abiria atakuwa anarushwa baada ya kila jiwe. Angalia pia fimbo ya amotisa. Vumbi likiwa limeshikamana nayo kama tope lenye mafuta, mpira wa kuzuia umekwisha.

Njia ninayoipenda zaidi ya kuzijaribu amotisa ni ya barabarani. Baada ya kipande kirefu cha mawe, simama na uguse mwili wa kila amotisa kwa uangalifu. Kazi ya mafuta ni kugeuza mtikisiko kuwa joto, kwa hiyo amotisa inayofanya kazi huwa ya moto kidogo. Moja ikiwa na joto na nyingine baridi, ile ya baridi imekufa, nayo inabebwa na mwenzake. Kumbuka tu kwamba ile iliyo upande wa ekzosi inaweza kupata joto la bure. Na kwa wale wenye amotisa zenye kichupa kidogo pembeni, humo mna gesi ya naitrojeni iliyoshindiliwa. Asije fundi yeyote akakitoboa au kukipiga welding.

Sasa barabara zenyewe, kwa kuwa hazidai kitu kimoja. Mitaa mingi ya Goma iko juu ya lava, ikiwemo ile iliyoshuka kutoka Nyiragongo tarehe 17 Januari 2002 na kupita katikati ya mji hadi ziwani. Jiwe hilo lina kingo kali, na mishtuko yake ni mifupi na ya haraka. Amotisa za bei ndogo haziwahi kuifuata, na kazi kubwa inafanywa na tairi. Kuna wanaopunguza upepo ili tairi iwe laini, jambo ambalo ukiwa peke yako unaweza kulivumilia, lakini mkiwa wawili tairi inaminywa baina ya jiwe na rimu, na tyubu inatoboka matundu mawili pacha. Kwa pikipiki nyingi za aina hii tairi ya nyuma hupewa psi 28 kwa mtu mmoja na psi 32, yaani kama bari 2.2, kwa watu wawili. Jaza hiyo 32, kisha punguza mwendo. Barabara ya baada ya Sake, kuelekea Minova, ni habari nyingine: mashimo mapana, matope yaliyokauka kwa mikunjo, mahali ambapo gurudumu linapanda na kushuka kwa urefu wake wote, na hapo ndipo mshuko uliopimwa vizuri unapoonekana faida yake.

Ukimaliza na nyuma, rudi kwenye cheni. Cheni hukaza zaidi pale ambapo sproketi ya mbele, mhimili wa mkono wa gurudumu na ekseli vimekaa kwenye mstari mmoja, na kwa pikipiki hizi hali hiyo hutokea pikipiki ikiwa imelemewa. Cheni iliyoachiwa nafasi ya sentimita 2 au 3 pikipiki ikiwa tupu inaweza kukazika kabisa mkiwa wawili, ikala beringi za gurudumu na za giaboksi. Waketishe watu juu, hakikisha cheni bado inacheza kidogo, ndipo uifunge ekseli. Taa ya mbele nayo ishushwe kidogo, maana nyuma ikishuka mwanga wake unawapiga machoni wanaokuja.

Mfuko utoke kwenye kerea uwekwe kati ya dereva na abiria, au juu ya tangi ukiwa mdogo na hauzuii usukani, na abiria asogee mbele. Kwangu mabadiliko hayo peke yake yalipunguza mshuko kwa milimita 4, karibu sawa na ngazi moja ya bangili. Bangili za kulia na kushoto ziwe kwenye ngazi moja daima. Na siku utakayokwenda kazini peke yako, zirudishe kwenye ngazi ya 2. Spana ya ndoano inaingia chini ya kiti, na kazi hiyo inaisha kabla injini haijapata joto.