Mama mdogo anasema ni karatasi tu

Shikamoo mama mdogo. Mdogo wangu, hujambo.

Nimeusikiliza ujumbe wenu wa sauti mara tatu. Mara ya kwanza kwenye basi, ya pili nikikaanga mayai, ya tatu nimekaa kitandani na viatu vya kazi bado viko miguuni. Naurudia hapa kwa ufupi tusije tukaruka maneno baadaye. Mdogo wangu amemaliza kidato cha sita, PCB (fizikia, kemia na baiolojia), anataka udaktari. Mmesikia kwa watu kwamba Marekani chuo cha udaktari unaingia kwa barua ya bosi. Mimi nilikuwa na bosi, "yule mkubwa wa hospitali uliyokuwa unafanya kazi", kwa hiyo nimwombe amwandikie na mdogo wangu. Halafu mama mdogo ukamalizia kwa mbali, sauti imechanganyika na ya televisheni: "Mwambie ni karatasi tu, haimgharimu kitu."

Najibu kwa maandishi. Nikijibu kwa sauti nitalia au nitafoka, na vyote viwili si vya kumfanyia mama yangu mdogo.

Haikuwa hospitali. Ilikuwa nyumba ya wazee, hapa Ohio. Ile picha mliyoitundika sebuleni, mimi na nguo za bluu na kadi kifuani, niliipiga kwenye kioo cha choo cha wafanyakazi siku ya kwanza kazini, mwaka 2017. Niliituma bila maelezo. Mkajibu "hongera daktari wetu", nami nikarudisha alama ya moyo, nikalala. Uongo wangu wote ni huo. Sikuongeza neno na sikupunguza, nikauacha ujikuzie wenyewe kama mtoto wa kuku.

Cheo changu kilikuwa msaidizi wa wauguzi. Mafunzo yake ni saa 75. Rudia kusoma, mdogo wangu: saa, wala si wiki. Unafundishwa kumgeuza mtu kitandani asitokwe na vidonda, kumwogesha bila kumwaibisha, kumbadilisha pampasi, kumlisha taratibu chakula kisimpalie. Wabongo wa huku kazi yoyote ya jasho tunaiita kubeba boksi. Langu lilikuwa boksi linalopumua, linakuita usiku kwa jina la binti yake. Miezi ya mwanzo niliona aibu mbele ya wazee wenyewe. Nilipoizoea kazi, aibu ikahamia kwenu.

Sasa hiyo barua. Huku kwa kawaida udaktari hauendi moja kwa moja ukitoka sekondari. Unasoma kwanza shahada ya miaka minne, unafanya mtihani unaoitwa MCAT, ndipo unaomba miaka minne ya udaktari, na baada ya hapo kuna mafunzo ya hospitalini, miaka mitatu au zaidi kwa kutegemea fani. Mimi ndiyo kwanza nimemaliza shahada, kwa kusoma nusunusu huku nikifanya kazi. Naomba nafasi. Sijaingia. Maombi mengi yanapita kwenye mfumo mmoja, AMCAS, na barua nazo zinaingia humohumo bila mwombaji kuzigusa: mwandishi anapewa namba yake, anapakia mwenyewe. Vyuo vingi vinataka kwanza barua za walimu wa sayansi waliokufundisha. Lakini mtu kama mimi, aliyekaa kazini miaka, baadhi vinataka pia kusikia kutoka kwa aliyemsimamia. Na hata visipodai, kwenye fomu unaorodhesha kazi na shughuli zako, zisizidi 15, pamoja na mtu wa kuulizwa. Miaka yangu minne ya nyumba ya wazee iko pale imetoa macho, na mtu wa kuulizwa ni mmoja tu.

Ni yule niliyemtoroka.

Mnaikumbuka harusi ya mwaka 2021? Kadi ya mchango ilinifikia kiasi kikiwa kimeshaandikwa. Wiki hiyohiyo wakala mmoja akaniita kwenye nyumba nyingine ya wazee, dola mbili na nusu zaidi kwa saa, nianze Jumatatu. Huku sheria inamruhusu mwajiri na mwajiriwa kuachana siku yoyote, ila desturi ni kutoa taarifa ya wiki mbili. Mimi nilitoa saa tisa. Jumapili saa tatu usiku nilimwandikia msimamizi wangu meseji: "Sitarudi. Asante kwa yote." Zamu ilikuwa ianze saa kumi na mbili asubuhi. Nikazima simu.

Sisemi ninyi ndio mlioniachisha kazi. Hakuna aliyenishika mkono. Ila mama mdogo, lile gari la matarumbeta lililotangulia mbele ya maharusi, ambalo nililitazama kwenye video nikiwa nimejificha chumba cha mashuka, nilikuwa nalilipia kwa njia ambayo wakati ule sikuijua.

Miaka minne baadaye, mwezi Machi, nikaanza kuomba barua. Nilianzia ofisi ya utumishi ya ile nyumba ya wazee kwa sababu nilikuwa mwoga. Walinijibu ndani ya saa moja, kwa adabu kabisa: hawaandiki barua za kupendekeza mtu, wanathibitisha tarehe za kazi na cheo, basi. Kampuni nyingi huku ziko hivyo, zinaogopa kushtakiwa. Hapana muhuri wa kuomba. Hapana karani wa kumbembeleza, hapana "rudi kesho na picha mbili za pasipoti". Siku ile nilimkumbuka mtendaji wetu. Barua yake ya utambulisho ilinizungusha siku nzima juani, lakini niliipata, na hakuniuliza kama nimewahi kumkosea.

Akabaki msimamizi mwenyewe. Mwenzangu mmoja wa Ghana tuliyekuwa naye zamu moja aliniambia mama yule ameshahama, sasa anafundisha wauguzi. Akanipa imeili yake na kunicheka.

Niliandika mara kumi na moja. Ya kwanza nilikuwa nimepiga magoti mwanzo mpaka mwisho. Ya nne ilikuwa inajitetea: uchovu, mshahara mdogo, harusi. Ya saba ilimsifia mpaka mimi mwenyewe nikaona kinyaa. Niliyoituma ilikuwa na aya tatu. Mimi ni fulani, nilikuwa chini yako mwaka 2017 hadi 2021, ukumbi wa mashariki. Nilikuachia zamu bila taarifa, ilikuwa vibaya, naomba radhi, na radhi hiyo naiomba hata kama jibu la aya inayofuata ni hapana. Ninaomba chuo cha udaktari na nahitaji barua ya mtu aliyeniona nikiwa na mgonjwa. Kama huwezi kuniandikia barua nzuri, niambie, nitaelewa.

Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo ngumu kuliko zote, na ndiyo ya lazima. Barua vuguvugu inakuzika. Mtu anayeandika "alikuwa akifika kwa wakati" amekuandikia msiba kwa mwandiko mzuri. Kwa hiyo mpe mtu mlango wa kutokea. Mpe na muda, wiki sita kwenda mbele. Mwambatanishie sivii, maelezo yako ya kwa nini unautaka udaktari, na mambo matatu manne aliyokuona ukiyafanya, maana watu wanasahau. Usimkumbushe kila siku. Mimi nilimkumbusha siku ya tano, nikajuta.

Na usiombe barua kwa mtu uliyemkosea. Tafuta mwingine. Au omba, kama mimi, lakini kwanza omba msamaha peke yake, uulalie usiku mmoja, uone kama bado unautaka bila ile barua. Mimi sikuulalia. Niliviweka vyote kwenye imeili moja kwa sababu fomu zinafunguliwa Mei na nilikuwa na haraka.

Alijibu siku ya tisa. "Nipigie Alhamisi baada ya saa tisa mchana." Hakuna salamu, hakuna jina.

Nilimpigia nikiwa kwenye ngazi za maktaba. Hakuuliza hali. Akasema, "Unajua asubuhi ile nilimwogesha nani?" Nikajua. Kulikuwa na mzee mmoja, fundi wa reli zamani, asiyekubali kushikwa na mtu mwingine. Mwaka 2020 wageni walipozuiwa kuingia kwa ajili ya korona, mimi ndiye niliyekuwa nakisogeza kiti chake hadi dirishani, namshikia simu sikioni, binti yake amesimama nje kwenye nyasi na barakoa. Mzee alikuwa haisikii simu vizuri. Nilikuwa narudia maneno ya binti kwa sauti, na Kiingereza changu cha kuungaunga, mpaka "nakupenda baba" nikawa nayasema mimi. Asubuhi niliyotoroka, mama yule ambaye ni msimamizi, mwenye mgongo mbovu, alimwosha mzee mwenyewe, na mzee akampiga kofi akimuulizia "yule msichana".

Nilisema pole. Hakusema chochote. Nilisikia anabofya kalamu, fungua, funga, fungua, funga.

Hapo nikafanya kosa la nyumbani. Nikamwambia kama hana nafasi naweza kuiandika mimi, yeye atie sahihi tu. Kwetu hiyo ni adabu, unampunguzia mkubwa kazi. Mkuu wangu wa shule aliniachia niandike mwenyewe, akatia sahihi, na hakuna aliyeona ubaya. Kalamu ikanyamaza. "Nikitia sahihi, maneno ni yangu," akasema. "Tuma hiyo fomu yenye namba." Akakata simu.

Basi mama mdogo, karatasi tu ndiyo hiyo.

Mdogo wangu, sasa wewe. Hata angekuwa malaika, hawezi kukuandikia. Hajakuona. Barua za huku zinauliza ulimwona mtu akifanya nini, lini, na mkono wake ulikuwa wapi. Usije. Mimi nilipita kwa bahati nasibu ya grini kadi. Wewe ungehitaji viza ya mwanafunzi, na vyuo vingi vya udaktari huku havipokei wanafunzi wa nje. Vinavyopokea, vingi vinataka uwe umesoma kwanza chuo cha Marekani au Kanada. Mkopo wa serikali yao hupati, na viza hiyo inakuruhusu kazi ya ndani ya chuo, saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Piga hesabu mwenyewe, usiwape wanaokupigia.

Hapo nyumbani MD, shahada ya udaktari, ni miaka mitano na mwaka mmoja wa mafunzo kazini. Mimi nimeshakaa huku miaka minane na sijashika kipimo cha mapigo ya moyo kama mwanafunzi wa udaktari hata siku moja. Soma hapo. Ukishakuwa daktari na bado roho inavutwa huku, upo mlango wa ECFMG, wanaohakiki vyeti vya madaktari waliosoma nje ya Marekani, na mitihani ya USMLE, ya leseni ya udaktari wa huku, wamepita wengi. Nakuonya tu kwamba na huko utadaiwa barua. Kwa hiyo anza leo: nenda kituo cha afya hapo kwenu, mwombe mganga mfawidhi akuruhusu kujitolea, ufagie, upange mafaili, upime uzito wa watoto siku ya kliniki. Ukiondoka, aga.

Najua nimesema usije. Ukija, godoro langu ni kubwa. Nitakupokea uwanja wa ndege na koti, na wiki ya kwanza sitakuambia habari ya kodi ya nyumba.

Barua yangu imeshaingia. Ilikuwa Juni, katikati ya zamu, nikafungua mfumo kwenye simu nikaona imeandikwa imepokelewa. Kilichomo sikijui wala sitakijua. Sheria ya hapa, ya mwaka 1974, inampa mwanafunzi haki ya kusoma barua kama hizo, lakini wakati wa kuomba unaulizwa kama unaiacha haki hiyo, na wote wanaojua mambo wanakuambia iache, maana barua ambayo mwombaji anaweza kuisoma haiaminiwi. Niliiacha. Inawezekana ameandika habari za dirisha. Inawezekana ameandika habari za kofi. Nikimfahamu vizuri, ameandika vyote viwili.

Ada ya fomu za vyuo vya hapo nitalipa mimi, nitatuma Ijumaa nikilipwa. Nilisema mwaka huu situmi tena, najua. Mama mdogo usiitangaze.

Na picha isishushwe ukutani, nguo zile ni zangu kweli. Mgeni akiuliza, mwambieni nilikuwa naogesha wazee.