Tuanze na maji

Ndugu, unauliza kama Zanzibar ipunguze watalii. Mimi ningeanza na maji. Nungwi, Kiwengwa na Paje zimekaa juu ya jiwe la matumbawe. Maji matamu ni tabaka jembamba tu juu ya maji ya chumvi. Hoteli ikivuta kwa pampu kupita kiasi, visima vya wanakijiji vinaingia chumvi. Maji machafu nayo hupenya upesi kwenye jiwe hilo mpaka baharini, huko huko wageni wanakoogelea! Tazama Chumbe, kisiwa kidogo cha hifadhi chenye hoteli karibu na Unguja: mabanda saba ya wageni, maji ya mvua yanakingwa mapaani, vyoo havitumii maji. Hoteli ya vyumba mia haiwezi kuiga yote hayo, lakini mita ya kupima maji kwenye kila kisima chake inawezekana, tena kabla ya kupewa kibali.