Kitanda cha kukunja ukutani: kabla hujamwita fundi, tazama saa za chumba chako

Ndugu mleta mada, umeeleza kwamba mnaishi watatu, wewe, mkeo na mtoto, katika nyumba ya kupanga yenye vyumba viwili na sebule. Kwamba mama yako mzazi huja kila mwaka kwa matibabu na kukaa wiki kadhaa. Na kwamba unafikiria kutengenezesha kitanda cha kukunja ukutani pale sebuleni ili mchana nafasi ibaki wazi. Nami ninacho kitanda cha aina hiyo nyumbani kwangu Tabata, katika chumba ambacho mchana mke wangu hushonea nguo na usiku hulala wageni, kwa hiyo nitajibu kwa yale niliyoyaona, nikianza na jambo ambalo wauzaji huwa hawaligusi.

Kitanda hiki hakiongezi nafasi hata kidogo, bali huruhusu shughuli mbili zipokezane nafasi ile ile, moja ikiondoka ndipo nyingine iingie. Kwetu kimefaa kwa sababu cherehani hufunikwa jioni na wageni wengi huwa wameshaamka na kunywa chai kabla mteja wa kwanza hajabisha hodi. Sebule ina mwendo tofauti kabisa. Mama mwenye umri mkubwa, tena aliyetoka hospitali, atataka kujinyoosha saa nane mchana, na usiku atataka kulala mapema wakati ninyi bado mnaangalia televisheni na mtoto anamalizia kazi za shule. Mzazi wa kwetu hatakwambia, "Mwanangu, nishushieni kitanda." Atakaa kwenye kochi akisinzia mpaka taarifa ya habari ya saa mbili iishe, akiulizwa atasema hajachoka. Kitanda cha kawaida humngoja mtu muda wote, lakini kilichofungwa kabatini kinamlazimu aombe, na watu wazima wengi hawapendi kuomba mahali pa kulala katika nyumba ya mtoto wao. Kwa hiyo swali la kwanza si ukubwa wa chumba. Jiulize ni nani katika nyumba yako anayemaliza siku yake mapema kuliko wengine, na kama yeye ndiye atakayelala kwenye kitanda hicho.

Swali la pili ni sakafu. Watu hupima ukuta, wakaona kabati linakaa vizuri, wakatoa malipo ya awali. Kitanda cha futi 4 kwa 6 kinachokunjwa kwa kusimama kikishushwa hutoka ukutani karibu futi 6 na nusu, na mbele yake unahitaji angalau futi mbili za mtu kupita. Kikifungwa, kabati lake huchukua kina cha inchi 16 hivi, ambazo hazirudi tena. Sasa tazama kilichopo katika eneo hilo leo: meza ya kioo, zulia, pengine kochi la watu watatu. Vyote hivyo vitahamishwa kila usiku na kurudishwa kila asubuhi. Kabla ya kutumia fedha yoyote, tandika mkeka wenye vipimo vya kitanda mahali hapo, kisha kwa wiki nzima uwe unahamisha vyombo vyako kila usiku kana kwamba kitanda kipo. Ukiona siku ya tatu mkeka umeachwa chini mchana kutwa, basi hata kitanda kitaachwa chini, nawe utakuwa umelipa karibu mara tatu ya bei ya kitanda cha kawaida (kwangu ndivyo gharama zilivyofika) kwa ajili ya kitu ambacho hakikunjwi. Ipo pia aina inayokunjwa kwa ubavu, ambayo hutoka ukutani futi 4 na kitu tu na inaweza kukaa chini ya dirisha, lakini kwa kulala watu wawili inasumbua, kwa sababu wa ndani hana njia ya kutoka ila kumruka mwenzake.

Kuhusu ukuta, nyumba nyingi za Dar es Salaam zimejengwa kwa matofali ya saruji, na hilo ni jema, mradi bolti zinazojipanua zipite plasta na kukamata tofali lenyewe. Tofali lililokandwa kwa mchanga mwingi na saruji kidogo utalitambua fundi akianza tu kutoboa: keekee inazama kama kwenye unga, na vumbi linalotoka ni mchanga mtupu. Hapo simamisha kazi. Ukuta wa jipsamu nao hauwezi kubeba mzigo huu isipokuwa uwe na fremu imara ndani yake, na bolti zikamate fremu hiyo. Jambo hili si la kupuuza, kwa maana mwaka 2022 vitanda vya ukutani zaidi ya laki moja viliondolewa sokoni nchini Marekani kwa sababu vingeweza kuchomoka ukutani na kumwangukia mtu, na kifo cha mtu mmoja kilikuwa kimeripotiwa. Kwa kuwa wewe ni mpangaji, mwombe mwenye nyumba ruhusa ya kutoboa, tena kwa maandishi, na usikubali kauli ya fundi kwamba kabati lake ni zito na litasimama lenyewe. Likiwa limefungwa litasimama. Kitanda kikianza kushuka, uzito wote huhamia mbele.

Kinachobeba uzito wakati wa kushusha na kupandisha ni springi au pistoni za gesi, zile zinazofanana na za kuinulia mlango wa nyuma wa gari. Pistoni huwa na nguvu yake iliyoandikwa kwa nyutoni ubavuni, na nguvu hiyo huchaguliwa kwa kujumlisha uzito wa fremu, mbao za uso na godoro. Mimi niliagiza za kwangu kutoka China kupitia wakala wa mizigo wa Kariakoo, na fundi wa Keko alipozifunga kabla godoro halijafika, fremu haikukubali kukaa chini: ukiibonyeza inalala, ukiiachia inapanda yenyewe taratibu mpaka juu. Godoro lilipowekwa ikatulia. Maana yake ni kwamba huwezi kubadilisha godoro la springi kwa la sponji jepesi baadaye ukadhani mambo yatakuwa yale yale. Pistoni zikichoka utaijua kwa mikono yako, kwani kitanda kinakuwa kizito kupandisha na kinashuka kwa kishindo. Hapo hubadilishwa zote mbili kwa pamoja. Mtoto asiachiwe kukichezea hata siku moja, na komeo la juu liwe mahali asipofikia.

Yupo mchangiaji aliyesema hivi ni vitanda vya kizungu vya juzi juzi. Si vya juzi: mwaka 1885 huko Chicago, Sarah Goode, mwanamke mweusi, alipata hataza (haki rasmi ya mvumbuzi) ya kitanda kinachokunjwa kikawa meza ya kuandikia, na mwanzoni mwa karne ya 20 William Murphy wa San Francisco akaeneza kile kinachoingia ukutani. Ila mchangiaji huyo ana hoja upande mmoja, kwamba michoro tunayoiona mtandaoni haikuwaza chandarua. Hapa ndipo nilipotumia akili nyingi kuliko kwenye kabati lenyewe. Chandarua cha duara kinachoning'inia katikati ya chumba kilinaswa na fremu kila kitanda kilipopandishwa, na kile cha pembe nne hakikuwa na mahali pa kufungia kamba upande wa miguuni. Tulichofanya ni kufunga reli ya pazia darini, iliyopinda kufuata pande tatu za kitanda, tukapachika chandarua juu yake kama pazia. Asubuhi kinasukumwa mpaka pembeni mwa kabati na kukunjwa, usiku kinavutwa na kuchomekwa chini ya godoro. Kama mwenye nyumba hakuruhusu kugusa dari, vipo vyandarua vinavyojisimamia kama hema.

Jasho nalo lina hesabu yake katika jiji hili. Godoro lililolaliwa usiku mzima likafungwa kabatini saa kumi na mbili asubuhi bila kupata hewa litanuka, na wakati wa masika litaota ukungu upande ulioegemea ubao. Liache wazi kwa saa moja hivi kabla ya kupandisha, na mwambie fundi atoboe matundu ya hewa kwenye ubao wa nyuma. Ubao wa vumbi la mbao uliobandikwa karatasi ya kung'aa ukipata unyevu huvimba na kuachia skrubu. Kwa sehemu zinazobeba bawaba na pistoni, lipia mninga au chuma. Na kunguni wakiingia kwenye maungio ya kabati la namna hii, kuwatoa ni kazi ya kulifungua lote.

Kwa hali uliyoieleza, mimi nisingekiweka sebuleni. Ningempa mama chumba cha mtoto kwa wiki zile, chenye kitanda cha kawaida kilicho chini muda wote na mlango unaofungika, kisha mtoto alale sebuleni kwenye sofa kitanda, maana yeye hulala ukimwambia na huamka kwenda shule. Kama bado unakitaka cha ukutani, kiweke humo humo chumbani kwa mtoto, kibaki kimefungwa miezi ambayo mama hayupo ili mtoto apate sakafu ya kuchezea, na mama akifika kishushwe na kisipandishwe mpaka siku anayoondoka. Weka hapa vipimo vya chumba hicho, upande ambao mlango unafungukia na aina ya ukuta, nami nitakwambia kama kinaingia na bolti zipite wapi.