Kaa wa Vijito Vichache: Maswali Yenu Kuhusu Kaa wa Singapore

Wiki hii wengi mmeniuliza kuhusu Johora singaporensis, kaa wa maji baridi anayepatikana kisiwani Singapore tu.

Ni mkubwa kiasi gani? Analiwa?
Gamba lake lina upana wa sentimita 3 hivi. Vunja magando yote mawili, hutapata hata tonge. Mchana hujificha chini ya mawe, usiku ndipo hutoka.

Mbona hakuenea kwingine kama kaa wa pwani?
Kaa wengi wa baharini huangua viluwiluwi wanaopeperushwa na mkondo hadi mbali. Huyu hana hatua hiyo. Jike hubeba mayai machache, makubwa, chini ya tumbo, na kinachotoka ni kaa kamili, mdogo tu. Hukaa kwa mama kwa muda, kisha huteremka kwenye maji yale yale. Bahari kwake ni ukuta.

Sasa alivukaje kufika kisiwani?
Hakuvuka. Zama za barafu bahari ilikuwa chini, na Singapore ilikuwa nchi moja na Rasi ya Malaya, ambako jamaa zake wa jenasi Johora wapo hadi leo. Maji yalipopanda, yeye akabaki upande huu.

Ni kweli ametoweka ndani ya hifadhi?
Swali zuri, na linauma. Mwaka 1986 mwanasayansi Peter Ng alimwelezea kisayansi kwa kutumia kaa wa kijito kilicho ndani ya hifadhi ya msitu ya Bukit Timah, Singapore. Hifadhi ipo, miti ipo, ila kaa wa kijito kile walitoweka. Wataalamu wanashuku maji yaliongezeka tindikali, labda kwa mvua. Uzio hauzuii mvua! Wengine walipatikana upande wa Bukit Batok, kisiwani humo humo. Tangu 2008 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa maumbile, linamweka katika daraja la walio hatarini kabisa kutoweka.

Si wafugwe tu?
Wanafugwa, na wamezaana. Chuo Kikuu cha Taifa cha Singapore, mamlaka ya hifadhi na bustani ya wanyama wanashirikiana. Kazi ni kupata pa kuwaachia: kijito chenye kivuli, maji safi yanayotembea, bila tindikali ya kuzidi. Katika jiji lile, hivyo ni vichache mno.

Ni kaa pekee anayepatikana Singapore tu?
Hapana. Irmengardia johnsoni na Parathelphusa reticulata, kaa wengine wawili wa maji baridi, nao ni wa Singapore tu. Huyo wa pili anategemea kinamasi cha Nee Soon.